Nimekubali, Yaishe

Hotuba kwa jumuiya ya wasemaji wa Kiswahili, Lexington, Kentucky

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, hamjambo. Najua wali umeshaiva na watoto wameanza kuuliza, lakini wenyeji wameniomba niseme kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula watu hutawanyika.

Nilikuwa mkalimani mahakamani kwa miaka 11, na katika miaka hiyo maneno niliyoyasikia kuliko mengine yote yalikuwa haya: "Nimekubali, yaishe." Jaji anauliza, mimi nafasiri. Baba au mama aliyesimama kando yangu hamtazami jaji, ananitazama mimi. Anashusha pumzi. Anasema, "Nimekubali, yaishe." Mimi nageuza kwa Kiingereza, karani anaandika, jaji anataja faini na probesheni, yaani kuachiwa nje chini ya uangalizi wa mahakama, na mtu mwingine anaitwa. Dakika nne au tano tu.

Ile "nimekubali" ina neno lake kwa Kiingereza, tena neno zito la kisheria. Lakini "yaishe" sikuwahi kupata namna ya kuifasiri ikafika kule mbele kama ilivyotoka kinywani. Ilibaki kwetu sisi wawili tuliosimama pale.

Maana sisi tunajua yaishe ni nini. Nimelelewa Kasulu, na wengi wenu mmepita pale pale, Nyarugusu, kabla ya kuja huku. Mtu akikosa, awe Fizi, awe Uvira, awe kambini au kwa balozi wa nyumba kumi, anaitwa mbele ya wazee. Anakubali. Anaomba radhi. Anatozwa kuku, au mbuzi, au kreti ya soda, watu wanashikana mikono, na shauri limekwisha. Atakayelifukua mwaka ujao ndiye ataambiwa ana roho mbaya. Kwetu kukubali ndiko kunakofunga shauri, na mwenye kukataa ndiye anayeonekana mkorofi.

Hapa Marekani kukubali ndiko kunakozaa rekodi. Na rekodi haina wazee wa kuiambia basi, sasa inatosha.

Leo nitasema juu ya jambo moja tu ambalo rekodi ya kosa dogo inalifanya, nalo ni kukunyima haki ya kuwa na bunduki, pengine mpaka unaingia kaburini. Wapo watakaosema, sisi bunduki za nini, tumezikimbia huko tulikotoka. Nawaelewa. Mimi mwenyewe sina na sitaki. Lakini nani hapa hana mtoto anayefanya kazi ya ulinzi, au kijana anayetaka kuingia polisi, au jeshini, au shemeji aliyealikwa na wenzake wa kiwandani kwenda kuwinda kulungu mwezi wa Novemba? Hii ni Kentucky. Bunduki iko kwenye gari la jirani, iko kwenye kabati la mwenye nyumba wako. Na sheria ninayotaka kuieleza haimngoji mtu atake bunduki. Inamkamata hata aliyekutwa nayo chumbani.

Kuna mzee mmoja ambaye ameniruhusu nisimulie yake, ila jina nisilitaje. Alifika hapa mwaka 2012. Mwaka 2014 alimchapa binti yake wa miaka 14 kwa waya wa chaji ya simu. Alama zikabaki mkononi, mwalimu akaziona, shule ikapiga simu. Sitaki kulifunika hilo: alimchapa mtoto akamuumiza, na yeye mwenyewe huwa halifuniki. Alishtakiwa kwa shambulio la daraja la nne. Hapa Kentucky hilo linahesabiwa kosa dogo, la aina ile wanayoiita misdimina, kifungo chake cha juu ni miezi 12 na faini yake haizidi dola 500. Mwendesha mashtaka akasema, akikiri hatalala jela, atahudhuria mafunzo ya wazazi na atakaa chini ya probesheni. Mzee akasema maneno yale yale. Akahudhuria mafunzo yote. Binti yake leo ni muuguzi, na Jumapili huja kula kwake.

Mwaka 2023 wenzake wa kazini wakamwalika kuwinda. Akaenda dukani kununua bunduki. Pale kaunta hupewi bunduki kwanza, unapewa karatasi, Fomu 4473. Nimeiona na kuisoma mara nyingi. Ina maswali ya ndiyo na hapana, yameandikwa kwa herufi ndogo, na moja linauliza kama umewahi kutiwa hatiani, katika mahakama yoyote, kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani. Mpwa wake alikuwa amekwenda kumsaidia kusoma. Akamwambia, "Mjomba, wanauliza kama umempiga shangazi." Mzee akasema, sijampiga kamwe. Akatia alama kwenye hapana, akasaini.

Muuza duka akapiga simu kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, ule ulioanza kazi Novemba 1998. Jibu likarudi: amekataliwa. Mzee akarudi nyumbani na aibu yake, akidhani yamekwisha. Hayakuisha. Tangu Oktoba 2022 kuna sheria inayotaka mtu akikataliwa hivyo, polisi wa eneo lake waarifiwe ndani ya saa 24. Maofisa wawili wakaja kubisha hodi kwake, na walichokuja kuuliza ni kwa nini alisaini uongo. Kudanganya kwenye fomu ile kunaweza kukupeleka jela miaka 10, hata kama bunduki yenyewe hukuipata. Mzee wetu hakushtakiwa. Alikaa wiki kadhaa halali, akisikia gari nje anasimama dirishani.

Sasa, kwa nini alikataliwa, ilhali kosa lake lilikuwa dogo na hata jela hakuingia?

Tuanzie mbali kidogo. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 inamkataza kumiliki silaha mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja. Sikilizeni vizuri hapo: inaweza kuzidi. Haiangalii ulifungwa siku ngapi, inaangalia kitabu cha sheria kilimruhusu jaji akufunge mpaka wapi. Kwa makosa yanayoitwa madogo na sheria ya jimbo, kikomo kimesogezwa: kama kifungo cha juu ni miaka 2 au chini yake, kosa hilo halihesabiwi. Ndiyo maana kosa dogo la kawaida la hapa Kentucky, lenye kifungo cha juu cha miezi 12, kwa kipimo hiki halikunyimi bunduki.

Lakini wengi wenu hamkuanzia Kentucky. Wapo waliotoka Pennsylvania, na huko kuna makosa madogo ya daraja la kwanza ambayo kifungo chake cha juu ni miaka 5. Linaitwa dogo, lakini mbele ya serikali kuu linapimwa kama kubwa. Yupo mtu wa huko anaitwa Bryan Range. Mwaka 1995, akiwa na familia na kazi ya mshahara mdogo, yeye na mkewe waliomba msaada wa chakula, hizi fudi stempu tunazozijua, na kipato chake hakikuandikwa chote. Alikiri kosa. Alirudisha dola 2,458, akalipa faini ya dola 100, akapewa probesheni ya miaka 3. Miaka kadhaa baadaye akaenda kununua bunduki ya kuwindia akakataliwa, naye hakujua hata sababu ni nini. Amepigana mahakamani mpaka mahakama ya rufaa ikampa haki yake mwaka 2023, kesi ikarudishwa, na Desemba 2024 ikampa tena. Ni karibu miaka 30 tangu siku aliyosaini. Na uamuzi ule ulitazama hali yake yeye. Asitoke mtu hapa akasema Range kashinda basi na mimi nimeshinda.

Kipimo cha pili ndicho kilichomkamata mzee wetu, na hicho hakijali kifungo ni miezi mingapi. Mwaka 1996 Seneta Frank Lautenberg wa New Jersey alipitisha nyongeza ya sheria inayosema: mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani asimiliki silaha wala risasi. Haina kikomo cha miaka. Haina msamaha kwa polisi wala kwa mwanajeshi. Askari mwenye hatia hiyo hawezi kubeba hata bunduki ya serikali akiwa kazini, na ndiyo sababu nawaambia vijana wanaotaka jeshi na polisi wasikilize.

Na "nyumbani" kwa sheria hii ina maana yake. Mume na mke, hata walioachana. Watu waliozaa pamoja. Wanaoishi kama mke na mume. Mzazi au mlezi kwa mtoto wake. Hapo ndipo mpwa alipokosea: aliposoma ukatili wa nyumbani aliwaza ndoa, na mtoto hakumwingia akilini. Kaka kupigana na kaka yake hakumo, wala shemeji na shemeji. Wapenzi wasiokaa nyumba moja hawakuwamo mpaka Juni 2022, walipoingizwa kwa sheria mpya, na wao tu ndio waliopewa mwisho: hatia ikiwa moja tu, baada ya miaka 5 tangu kumaliza adhabu bila kosa jingine la namna hiyo, zuio linaondoka. Mume, mke na mzazi hawana miaka 5 hiyo. Watu huchanganya hapa, na wapo waliokwenda dukani kwa kuchanganya hivyo.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni kutafuta maneno "ukatili wa nyumbani" kwenye karatasi yao ya hukumu. Hawayaoni, wanafurahi. Huko West Virginia, mtu anayeitwa Hayes alitiwa hatiani mwaka 1994 kwa kumpiga mkewe. Karatasi ilisema shambulio tu. Sheria ya Lautenberg ilikuwa bado haijazaliwa. Mwaka 2004 polisi wakaitwa nyumbani kwake, wakakuta bunduki. Akajitetea kwamba kosa lake halikuitwa la nyumbani. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema haijalishi lilivyoitwa. Ikithibitika kwamba aliyepigwa alikuwa mkewe, inatosha. Miaka mitano baadaye, kwenye kesi ya Castleman wa Tennessee, jirani zetu wa kusini, ikaongeza kwamba hata nguvu ndogo, ya kumgusa mtu kwa namna ya kumkera, inahesabiwa. Kwa hiyo yule anayesema "nilimsukuma tu" asijitie moyo.

Ukikutwa na bunduki huku umekatazwa, kifungo cha juu sasa ni miaka 15. Zamani kilikuwa 10, kikaongezwa mwaka 2022. Hebu pimeni: kosa la miezi 12 ambalo hukulala jela hata siku moja, halafu miaka 15 kwa sababu ya kitu kilichokuwa kabatini.

Nisieleweke vibaya. Kina mama, sheria hii ina sababu yake, na sababu hiyo nimeishika kwa mikono. Nimemfasiria mama aliyekuwa anashindwa kuinua mkono kuapa. Alisema mume wake alikuwa na bastola kwenye droo ya chini, na kila wakigombana hakuitoa, alikuwa anaifungua tu ile droo na kuiacha wazi. Miaka mitatu droo ile ilikuwa inafunguliwa na kufungwa. Kesi za namna hiyo mara nyingi hushushwa, kwa sababu mke anaogopa kutoa ushahidi au mwendesha mashtaka anataka kumaliza haraka, na mwisho mtu anaondoka na kosa dogo. Bila sheria ya 1996 angerudi kwenye droo yake. Mwaka 2024, kwenye kesi ya Rahimi, majaji 8 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio kwa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Ile ilikuwa juu ya amri za zuio, si hatia za makosa madogo, lakini msingi ni huo huo, na mimi nauunga mkono.

Kinachoniumiza ni kitu kingine. Ni kwamba watu wetu wanaingia kwenye sheria hii wakiwa wamefumba macho. Polisi wanafika usiku. Baba hajui Kiingereza, mama hajui Kiingereza, na anayefasiri ni mtoto wa miaka 9 aliyesimama sebuleni na nguo za kulalia. Mtoto anamfasiria askari nani kampiga nani. Mara nyingine anakosea, mara nyingine anaogopa, na anayefungwa pingu ni mama aliyekuwa anajikinga. Ndiyo, kina mama, na nyinyi mna rekodi hizi. Asubuhi mtu anasimamishwa mbele ya jaji, anataka kurudi nyumbani kwa watoto, anataka kuwahi zamu asifukuzwe kazi. Anaambiwa, ukikubali unatoka leo.

Na mkalimani amesimama pale, anajua. Mkalimani amekatazwa kushauri. Akiongeza neno moja lisilo la jaji wala la mshtakiwa amevunja kiapo, na kiapo kile ni cha haki, maana ukalimani ukianza kuwa na maoni hakuna atakayeuamini. Nilikitii miaka yote 11. Niliacha kazi hiyo mwaka jana, na leo nazungumza nanyi nje ya mahakama. Mimi si wakili. Ninayosema ni sheria iliyochapishwa ambayo yeyote anaweza kuisoma, na karatasi yako wewe lazima isomwe na wakili.

Kama kesi bado haijaisha, usiseme nimekubali mpaka umemuuliza wakili wako, kwa mkalimani wa kweli na si kwa mtoto, hatia hii itafanya nini kwenye makaratasi yako ya uhamiaji na itafanya nini kwenye haki ya silaha. Uliza yote mawili. Kuhusu uhamiaji, wakili anawajibika kukwambia, na wajibu huo ulitokana na kesi iliyoanzia hapa hapa Kentucky. Mtu wa asili ya Honduras, dereva wa lori, aliyepigana Vietnam kwa ajili ya nchi hii na kukaa hapa miaka 40 na grini kadi yake, ile ya ukaaji wa kudumu, aliambiwa na wakili asiwe na wasiwasi, amekaa mno hawezi kufukuzwa. Akakiri. Akawa wa kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili hakumtendea haki. Kwetu sisi wenye grini kadi hili ni zito kuliko bunduki: hatia ya ukatili wa nyumbani, au ya kumtesa mtoto, ni sababu ya kufukuzwa nchini. Lakini kuhusu silaha usimsubiri akuambie, anza wewe. Muulize pia kama kuna njia isiyoishia kwenye hatia: mashtaka kubadilishwa, au utaratibu ambao ukimaliza mafunzo na muda wako kesi inafutwa. Si kila mtu anastahili, ila asiyeuliza hapewi.

Kama kesi ni ya zamani, nenda kwa karani wa mahakama, omba nakala ya hukumu, mpelekee wakili. Usiende dukani "kujaribu kama itapita." Usinunue kwa mtu binafsi barabarani ukidhani kwa kuwa hakuna fomu hakuna sheria. Tangu mwaka 2019 hapa Kentucky mtu mzima wa miaka 21 anaruhusiwa kubeba silaha iliyofichwa bila kibali, na nimewasikia vijana wakisema hapa kila mtu ruksa. Ruksa hiyo ni ya yule tu ambaye sheria haijamkataza kuwa nayo, na sheria ya jimbo haiwezi kukufungulia mlango ambao serikali kuu imeufunga. Texas wanampa mwenye hatia ya kumpiga mtu wa familia zuio la miaka 5 tu. Anamaliza, anadhani yuko huru, kumbe lile la serikali kuu bado liko pale pale.

Njia ya kutokea ipo, nayo ni kufutiwa rekodi. Sheria ya 1996 inasema hatia iliyofutwa, au iliyotenguliwa, au iliyosamehewa rasmi, haihesabiwi tena, isipokuwa kama amri yenyewe imesema bado usimiliki silaha. Hapa Kentucky unaweza kuomba kufutiwa kosa dogo miaka 5 baada ya kumaliza adhabu, ikiwa ndani ya muda huo hukupata kosa jingine, huna kesi inayoendelea, na kosa lenyewe halikuwa la kingono wala dhidi ya mtoto. Vilevile, kama siku ile hukuwa na wakili wala hukumkataa kwa kujua unachofanya, hatia hiyo haihesabiwi kwa sheria hii. Mtu aliyesaini karatasi ya kukataa wakili kwa lugha asiyoijua, hapo wakili ana pa kuchimba. Lakini asije mtu akakuuzia kwamba haki zako "zimerudi zenyewe" kwa kuwa bado unapiga kura. Mwaka 2007, kwenye kesi ya Logan wa Wisconsin, Mahakama ya Juu ilisema ambaye hakunyang'anywa haki zake za kiraia hawezi kudai amerudishiwa. Wala asikuuzie fomu za kuomba msamaha wa silaha Washington. Njia hiyo imo kwenye sheria, ila tangu mwaka 1992 Bunge lilikataa kuitolea fedha, na ni mwaka 2025 tu Wizara ya Sheria ilipoanza kuifufua. Kabla hujalipa senti, wakili aseme utaratibu umefika wapi.

Na wenye grini kadi, kufutiwa rekodi na jimbo hakumfungi macho ofisa wa uhamiaji. Kwao hatia inabaki. Usiombe uraia ukiandika hujawahi kushtakiwa kwa kuwa ilifutwa.

Kabla sijapanda hapa mzee mmoja ameniuliza: je, kesi ya nyumbani, ya Kigoma au Bukavu? Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kesi ya mtu aliyefungwa Japani, kwamba hukumu za nchi za nje hazimnyimi mtu silaha chini ya ile sheria ya 1968. Na sheria ya ukatili wa nyumbani inazungumzia makosa ya kisheria ya hapa Marekani. Lakini fomu za uhamiaji zinauliza nchi zote duniani, huko usifiche. Na wewe uliye kwa viza ya masomo au matembezi, kwa kawaida umekatazwa silaha hata bila kosa lolote, isipokuwa kwa ruhusa maalumu kama leseni halali ya uwindaji. Asiye na makaratasi amekatazwa kabisa. Na hapo kaunta, kwenye swali la uraia, usijiite raia wa Marekani kama bado hujaapa. Alama moja hiyo inaweza kuua ombi lako la uraia milele.

Mzee wetu alikwenda kwa wakili wa uhamiaji kwanza, halafu wa jinai, kwa mpangilio huo, na nilifurahi sana kusikia hivyo. Kwa kuwa aliyepigwa alikuwa mtoto, njia ile ya kufutiwa rekodi haikumfaa, akaomba hatia yenyewe itenguliwe. Binti yake alikwenda naye siku ya shauri, akakaa benchi la mbele na sare yake ya hospitali, maana alikuwa anatoka zamu. Amri ilitoka. Mzee ameiweka kwenye bahasha ya nailoni pamoja na karatasi zao za UNHCR. Bunduki hajanunua. Ameniambia alichokuwa anakitaka ni kuacha kusimama dirishani.

Sasa kuna mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni nilipokuwa naingia, na nimemuahidi nitamjibu mbele ya wote bila kumtaja, kwa sababu si peke yake. Yeye ndiye mwenye rekodi, ya mwaka 2017. Mume wake hana rekodi, ana bunduki, na inakaa chini ya kitanda chao. Anauliza kama ana kosa.

Mama, kuwa nayo si lazima uishike. Kama unajua iko pale na unaweza kuifikia, sheria inaweza kusema unayo. Bunduki ni ya mume wako na ana haki nayo, lakini haiwezi kukaa chini ya kitanda unacholala wewe. Usiiguse, hata kuihamisha. Aihamishe yeye, leo, aipeleke kwa ndugu anayeruhusiwa kuwa nayo na asiyekaa nyumba hiyo, mpaka wakili aseme inaweza kukaa wapi. Hata sefu ambayo yeye tu ana namba yake, usiitegemee kabla wakili hajasema. Na karatasi yako ya 2017 nije niione. Tangu mwaka huo miaka imepita mingi, pengine umeshastahili kuomba kufutiwa na hukuambiwa.

Nitakuwa pale kwenye meza ya chai. Wakili mmoja anayejitolea ameahidi kuja Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, na mkalimani wake. Leteni nakala za hukumu, zile zenye muhuri wa karani, na msiwatume watoto.